Gunzi Chini ya Lango la Saba

Vijana wangu mnaogawa maji, nawasalimu kwa salamu ya kwetu, kamwene.

Mwenyekiti wa umoja wetu wa wamwagiliaji alinijia wiki mbili zilizopita na daftari jipya na kalamu mbili, kana kwamba alijua moja itachoka njiani. Akaniomba niwaandikie namna ya kutunza malango ya mifereji, kwa kuwa nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja hapa Mbarali mpaka magoti yakaniambia basi. Nimekubali. Ila kuhusu grisi ya usukani wa lango sina mengi. Ipakeni kabla ya mvua na baada ya mavuno, na msiweke kidogo kama mnaweka chumvi ya mgonjwa. Hayo yameisha. Kurasa zilizobaki nitaandika habari ya gunzi la muhindi, na habari ya rafiki yangu Ambokile.

Ambokile ameruhusu nimtaje. Alitoa sharti moja tu, kwamba asome kwanza kabla sijamkabidhi mwenyekiti daftari lake. Nilicheka nikamwambia hana shida, maana nilikuwa na uhakika nimeandika vizuri. Shuleni Mufindi nilikuwa wa kwanza kwa insha, na baba yangu, aliyefanya kazi ya karatasi kule Mgololo, alikuwa akituletea vipande vya karatasi tuandikie. Kuandika sikuogopi.

Nianze na mzee aliyenifundisha. Aliitwa Mzee Zakaria, Msangu wa hapa hapa, mtu mfupi aliyetembea haraka. Enzi zake malango yalikuwa mbao. Ulikuwa unazipachika kwenye mfuo wa zege moja juu ya nyingine, halafu unaziba nyufa kwa majani na tope. Hapakuwa na usukani, hapakuwa na kufuli, wala hilo kundi lenu la simu la kutangaziana zamu ambamo nusu ya ujumbe ni picha za asubuhi njema. Zamu ziliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa ghala, na mvua ikinyesha kwa upepo kila mtu alikuwa na zamu yake kichwani.

Mzee Zakaria alikuwa halitazami lango. Alilipita kama hakuliona, akashuka hatua kumi chini yake, akadondosha jani la mpunga juu ya maji ya mfereji. Jani likitulia, lango limefungwa. Jani likienda, lango linavuja, hata kama kwa macho limebana. Nilipomuuliza kwa nini haanzii langoni penyewe, aliniambia, "Lango halina aibu, mwanangu. Litakutazama usoni limefungwa huku linapitisha maji miguuni. Wewe ulizia chini." Mpaka leo sijapata kifaa kinacholishinda jani lile, na nyinyi mmeletewa vipimo vya namba.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo hufanywa na mgawa maji peke yake. Nilifungua lango kujaza jaruba la mpunga la mzee mmoja Mhehe, mkali, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa wajukuu wake ni wakali pia. Jaruba lake lilikuwa kubwa, nikapiga hesabu kwamba maji yatachukua muda, nikaenda kula viazi vitamu vya mama mmoja pale karibu. Viazi vilikuwa vya moto. Niliporudi, maji yalikuwa yamepanda juu ya kingo, yamevunja upande mmoja na kukikumba kitalu chake cha miche. Miche yote ilikuwa imelala kwenye mtaro kama nywele zilizonyolewa.

Ambokile alikuwa naye ameajiriwa msimu ule ule. Mnyakyusa kutoka Rungwe, mrefu, mcheshi, anayeamini kwamba chakula kisicho na ndizi ndani yake ni kitafunio. Alinikuta nimesimama pale naitazama miche. Nikamwambia nimeshapata la kusema, kwamba ng'ombe wa wafugaji wamepita wakavunja kingo. Nyayo zilikuwepo, tena nyingi. Ambokile akazitazama nyayo, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Twende tukaseme."

"Tukaseme nini?" nikamuuliza. "Wewe hukuwepo."

"Sikuwepo. Lakini nitakuwepo ukisema."

Tukaenda. Yule mzee alitukimbiza na mpini wa jembe mpaka barabarani, na Ambokile, ambaye hakuwa na kosa lolote, alipigwa kumzidi mwenye kosa kwa sababu miguu yake ni mirefu na aliona aibu kukimbia. Kesho yake tulirudi. Siku tisa tuliandaa kitalu kingine, tukaloweka mbegu, tukafukuza ndege. Siku ya tatu yule mzee alianza kutuletea ugali. Siku ya tisa alituita wanangu. Tangu siku ile sikuwa na rafiki mwingine wa kumlinganisha na Ambokile. Tulisali kanisa moja la Kilutheri, tukasimamiana harusi, tukabatiziana watoto. Watu wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na ni kweli, lakini mimi naongeza kwamba wapo watakaokufaa kwa kukufichia, na hao ndio wengi.

Sasa nije kwenye gunzi.

Miaka sita iliyopita mimi na Ambokile tuligawana mfereji mmoja. Yeye alisimamia malango ya juu, mpaka la saba. Mimi nilisimamia ya chini, mpaka mwisho kabisa. Na mwisho kabisa wa mfereji, mahali maji yanapofika yamechoka, palikuwa na jaruba la Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni mjane mwenye genge la vyakula Igawa, kando ya barabara kuu. Ni Mwislamu, bibi yake alitoka pwani. Mpunga wa jaruba lile moja ndio uliokuwa chakula cha nyumba yake mwaka mzima, yeye na wajukuu wanne. Msimu ule alikuja kwangu asubuhi mpunga ukiwa na mimba, yaani masuke yamejaa ndani ya jani lakini hayajatoka. Nyinyi mnajua, na kama hamjui jueni leo, huo ndio wakati mpunga hausamehe. Ukikosa maji hapo, masuke yatatoka marefu, mazuri, yamesimama, na ndani ni mapepe. Ganda tupu. Akaniambia zamu yake imepita mara mbili na maji hayajafika hata kifundo cha mguu. Akanionyesha udongo umeanza kupasuka. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Baba Neema, mimi sina mwingine wa kumwendea."

Nikapanda kufuata mfereji lango kwa lango. Nilipofika la saba, linalotoa maji kwenda mtaro wa pembeni, niliona limefungwa, kufuli lipo mahali pake. Nikashuka hatua kumi kwenye mtaro huo, nikadondosha jani. Jani likaondoka mbio.

Nikarudi langoni, nikainama, nikaingiza mkono ndani ya maji mpaka begani, nikapapasa chini ya bamba la chuma. Vidole vyangu vikakutana na gunzi. Gunzi la muhindi lililotolewa punje, limewekwa kwa ulalo juu ya kizingiti, chuma kikashushwa juu yake. Mtu aliyebuni hilo anaijua kazi. Jiwe lingegonga chuma, mtu angesikia. Mti ungeonekana. Gunzi linalowa, linavimba, linabana, linanyamaza, na maji yanapita chini mchana kutwa bila povu. Ile alama nyekundu kwenye mhimili wa usukani, inayoonyesha lango limeshuka mpaka chini, ilipungua upana wa kidole tu, na kutu ilikuwa imeifunika. Aliyekuwa na ufunguo wa kufuli lile ni mmoja.

Niliufuata ule mtaro. Ulivuka mpaka wa skimu yetu ya umwagiliaji ukaingia kwenye shamba jipya lililolimwa nje, mahali pasipo na haki ya maji, mpunga umesimama kijani kibichi mpaka unaudhi. Nilimkuta pale mke wa Ambokile akipalilia. Alinisalimia kwa furaha, akaniuliza habari za magoti. Yeye hakujua lolote, na mpaka leo naamini hivyo.

Nilirudi chini. Bi Mwanaidi alikuwa bado amesimama kwenye kingo zake. Nikamwambia avumilie.

Sasa vijana, hapa ndipo nilipoharibu, na nitawaeleza nilivyoharibu kwa sababu ni kosa letu sisi watu wa kanisani na mtakuja kulifanya. Badala ya kwenda kwa Ambokile nikamweleza, nilianza kuzunguka. Mara nikamtania kwamba siku hizi mahindi yanaota majini. Mara nikamsimulia kisa cha mtu fulani wa Madibira aliyefukuzwa kazi kwa kupindisha maji, kisa nilichokitunga hapo hapo. Alicheka, akabadilisha mazungumzo. Siku zikaenda. Ikafika Jumamosi, tukakutana jumuiya nyumbani kwa Bibi Tabitha, mama mzee wa kanisa letu, na wakati wa maombi ulipofika mimi nikafumba macho nikamsema rafiki yangu kwa sala.

Nisiwafiche, ilikuwa sala nzuri. Nilimwomba Bwana awakumbuke wale ambao midomo yao inaimba huku mikono yao imeshika magunzi. Nikamwomba awafunulie waliofunga malango kwa macho ya watu na kuyaacha wazi kwa siri. Nikapandisha sauti. Mama mmoja akaitikia amina kwa nguvu, na baadaye alinishukuru kwa kuyaombea mahindi yake.

Ambokile akapokea. Naye anajua kusali. Alimwomba Bwana awaponye wenye macho ya kuchungulia nyumba za wenzao, awape pumziko wale ambao wivu umewakosesha usingizi, na awarudishie wazee kumbukumbu ya mema waliyotendewa ujanani. Tulipofumbua macho hatukutazamana. Bibi Tabitha alikusanya vitabu vyake vya nyimbo polepole, akasema bila kumwelekea mtu, "Leo mmesali sana. Sijui kama Mungu amepata nafasi ya kuongea na mtu."

Niliona aibu njia nzima ya kurudi nyumbani. Bwana Yesu alituachia utaratibu ulio wazi kuliko kitabu chochote cha mgawa maji. Ndugu yako akikosa, nenda kwake, wewe na yeye, wawili tu. Akikataa, ndipo uchukue mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo kanisa. Mimi nilianzia kanisani, tena kwa mafumbo, tena nimefumba macho ili nisimwone usoni. Ule haukuwa upendo hata kidogo. Ilikuwa ni woga uliovaa suti.

Jumatatu asubuhi nilikwenda lango la saba. Nilimkuta amekaa juu ya ukingo anafunga viatu. Nikalegeza usukani, nikaingiza mkono, nikalitoa gunzi, nikaliweka juu ya zege mbele yake. Akaliangalia akasema limeletwa na maji. Nikamwambia, "Gunzi linaelea, Ambokile. Haliwezi kuzama likajilaza lenyewe chini ya chuma." Akaniuliza ni nani amenituma, kamati? Nikasema hakuna. Akasema basi kama hakuna aliyekutuma, rudi ulikotoka. Nikarudi, nimekasirika, nimejiona nimeshatimiza andiko.

Nilifika nusu ya njia nikajiuliza kwa nini alinikatalia haraka vile. Nikakumbuka kwamba nilimwambia nimesimama, yeye amekaa, na mkono wangu ulikuwa kiunoni. Hata mimi ningekataa. Mtu ukimsimamia kichwani anajitetea, hata kama anajua ana kosa. Andikeni hilo pembeni mwa ratiba zenu.

Kwa hiyo Jumanne nilikwenda tena, safari hii na koleo. Nilishuka mferejini nikaanza kuzoa tope, na yeye kwa desturi ya kazi hakuweza kukaa akanitazama nazoa peke yangu. Akashuka. Tulizoa bega kwa bega kama saa nzima, na kwa uzoefu wangu mambo magumu hutamkika vizuri watu wawili wakiwa wanatazama tope moja. Nikamuuliza, ndugu yangu, kitu gani kimekubana?

Akaendelea kuzoa. Kisha akaniambia. Mwaka uliotangulia alikuwa amechaguliwa mzee wa kanisa, na siku ya Sikukuu ya Mavuno majina ya wazee yalisomwa pamoja na magunia waliyoleta. Huyu manne, huyu sita. Lake lilikuwa moja. Hakuna aliyemcheka, lakini alimwona mke wake akiinamisha kichwa. Akajiapiza kwamba mwaka unaofuata ataleta kumi. Jaruba lake la halali lisingeweza kutoa kumi na kulisha nyumba. Ndiyo akafungua lile shamba la nje.

"Ni kwa ajili ya Mungu, Mgaya," akasema. "Hata gunia moja nisingelila mimi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia, "Hayo magunia kumi ukiyapanga mbele ya madhabahu, maji ya Bi Mwanaidi yamo ndani yake. Mungu atayapokeaje?"

Hakuwa amefikiria jina la mtu. Aliniambia hivyo na namwamini. Alifikiri maji yanapungua tu huko chini, kama yanavyopungua siku zote, yanakonda kidogo kwa kila mtu. Ukiwa juu ya mfereji, vijana, hakuna sura ya mtu unayoiona chini. Nikamweleza habari ya udongo uliopasuka, nikamweleza habari ya wajukuu wanne. Akaweka koleo chini. Akanawa mikono taratibu sana, kila kidole. Nikamwambia, "Twende tukaseme."

Akatabasamu kidogo, maana alilitambua neno lake. "Wewe hukuwepo," akasema.

"Sikuwepo," nikamjibu. "Lakini nitakuwepo ukisema."

Tulimkuta Bi Mwanaidi jarubani kwake. Masuke yalikuwa yameanza kutoka. Ambokile alivua kofia akamweleza yote, gunzi, mtaro, shamba, bila kutafuna maneno, na mimi nilisimama pembeni yake. Bi Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachuma suke moja, akalibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, punje moja baada ya nyingine, akatupa kila moja. Mapepe. Akasema, "Nyinyi wawili mmeshapatana huko kwenu, naona. Mmesameheana. Haya, na mpunga wangu?"

Hilo swali lilinifundisha kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Sisi tulikuwa tumeridhika kwamba undugu wetu umepona. Yeye hakuwa wa jumuiya yetu, na kwa sala zetu zote za Jumamosi hakuna aliyemtaja.

Ambokile alijibu kwa kazi. Siku ile ile aliufukia ule mtaro kwa mikono yake, na shamba la nje likakauka mbele ya macho ya kila mtu aliyepita, wakiuliza, naye akiwaambia sababu. Alikwenda mwenyewe kwenye kamati ya maji, ikamwondoa langoni msimu mzima akawa anafyeka magugu ya mifereji. Alikwenda kwa mchungaji akaomba kupumzika uzee wa kanisa. Mavuno yalipofika alivuna jaruba lake la halali na kumpelekea Bi Mwanaidi kwanza, kiasi kile kile ambacho jaruba la bibi yule lingetoa mwaka mzuri. Sikukuu ya Mavuno ilipofika alileta debe moja la mpunga, si hata gunia. Mke wake ndiye aliyelibeba kichwani mpaka mbele, na safari hii hakuinamisha kichwa. Mimi nililia waziwazi, na sijutii.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemaliza. Niliongeza aya moja nzuri kuhusu urafiki wa kweli, nikalifunga daftari, nikampelekea Ambokile kama tulivyoahidiana.

Alisoma siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alikuja kwangu, amelikunja daftari kwapani. Mke wangu alimpa kiti, akamletea chai na ndizi za kuchemsha maana tunamjua. Alikula, akafuta mikono. Akasubiri mke wangu aende kisimani. Halafu akalifungua daftari mahali alipoweka jani la mpunga, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika hukuwepo," akasema. "Kaka, ulikuwepo."

Nikamwambia sielewi anachosema. Nilielewa.

"Lile gunzi nilikuwa naliweka upande mnene ukitazama kwenye usukani. Kila siku hivyo hivyo, ni mazoea. Siku moja nikalikuta limegeuka, upande mwembamba ndio unatazama usukani. Maji hayageuzi gunzi lililobanwa. Nikajua umelitoa. Nikajua umelirudisha."

Vijana wangu, chai ilinipalia.

Ni kweli. Siku ile ya kwanza, mkono wangu ulipolikuta gunzi, nilizungusha usukani, nikalitoa, nikalishika nikalitazama. Kufuli la mwaka ule halikuzuia usukani, mtu angeweza kuuzungusha hata likiwa limefungwa, mmesharekebisha. Nikafikiria uzee wake wa kanisa, harusi zetu tulizosimamiana, mpini wa jembe aliopigwa kwa ajili yangu. Nikainama nikalirudisha mahali pake. Halafu nikashuka kwa Bi Mwanaidi na sikumwambia avumilie tu, kama nilivyoandika huko juu. Nilimwambia mwaka huu mto una maji machache. Mto ulikuwa umejaa. Kati ya asubuhi ile na Jumatatu niliyolitoa mbele ya Ambokile zilipita siku nane, na mnajua siku nane ni nini kwa mpunga wenye mimba. Baadhi ya yale mapepe yalikuwa yangu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia wakati ule, siku tuliyozoa tope.

"Siku ile ningesema, ningekuwa natafuta mtu wa kubeba naye mzigo wangu," akasema. "Kosa lilikuwa la kwangu. Ila nikuambie ukweli, nilipolikuta limegeuka nilifurahi. Nilijua umeona, nikaona umeniruhusu. Ndiyo maana ile Jumatatu nilikukatalia. Sasa ungekufa nalo, kaka, na unawafundisha watoto wa watu."

Aliyasema hayo amekaa, kiti chake sambamba na changu, wote tunatazama uani. Hakuwa na mkono kiunoni. Nilikasirika kwa muda wa chai kupoa. Miaka sita nimekuwa nikisimulia kisa hiki kanisani na kwenye semina, mimi ndiye shujaa, yeye ndiye mfano, naye amekaa benchi la nyuma anatikisa kichwa kukubali. Nyani haoni kundule.

Kisha akavaa kofia yake. Mnajua alichosema, sina haja ya kukiandika.

Tulipanda gari mpaka Igawa. Bi Mwanaidi alikuwa gengeni anachambua maharage. Safari hii mimi ndiye niliyevua kofia na Ambokile ndiye aliyesimama pembeni. Nilimwambia habari ya gunzi nililolirudisha na mto niliousingizia. Hakuacha kuchambua maharage. Nilipomaliza alitoa kijiwe kimoja, akakitupa barabarani.

"Asubuhi ile nilikutazama ukipanda kuelekea lango la saba," akasema. "Nikakutazama ukishuka. Mkono wako ulikuwa umelowa mpaka begani, Baba Neema. Mtu aliyekwenda kutazama mto halowi mkono mmoja."

Alijua. Miaka sita aliniuzia vitunguu, akanisalimia, akaniuliza habari za magoti, huku anajua. Nikamuuliza nifanye nini. Nina jaruba dogo la uzeeni, nikamwambia, na mavuno ya mwaka huu ni yake. Akasema atachukua nusu, kwa sababu nusu ndiyo siku nane, na nimletee mwenyewe, nisitume mtu. Akasogeza ungo wa maharage upande wetu, akatuonyesha gogo la kukalia. Tukakaa, wazee wawili, tukachambua maharage ya watu mpaka adhuhuri.

Ile aya nzuri ya urafiki nimeichana. Ya juu nimeyaacha nilivyoyaandika, pamoja na uongo wake, ili muone jinsi lango linavyoweza kufungwa kwa macho ya watu.

Kesho asubuhi mkifika kwenye malango, dondosheni jani. Likienda, ingizeni mkono. Mkikuta gunzi, litoeni, na msilirudishe, hata kama ni la ndugu yako aliyepigwa kwa ajili yako. Mfuate siku hiyo hiyo, ukae chini, umwambie.